Kitufe Kilichoingia Ofisini bila Barua

Afisa TEHAMA: Hakuna ofisi Ifakara iliyoagiza akili mnemba. Imekuja ndani ya programu zilezile ambazo watu wanaandikia barua na kupigia mahesabu kila siku. Microsoft iliitangaza Copilot, akili mnemba yake, Machi 2023, na Novemba mwaka huohuo ikaanza kuyauzia makampuni kwa dola 30 kwa mtumiaji mmoja kila mwezi. Januari 2025 ikaiweka kwenye vifurushi vya watu binafsi na familia. Mwezi huohuo Google nayo ikaiingiza Gemini katika vifurushi vyake vya ofisi. Kwa hiyo anayeuliza kama tuilete au tusiilete amechelewa. Imeshafika, kitufe chake kiko pembeni mwa ukurasa, na kazi iliyobaki ni kufundishana namna ya kuitumia.

Katibu Mahsusi: Hapo hapo, mwanangu. Mgeni wa ofisi ya umma huja na barua ya utambulisho. Barua inapita masijala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya jalada. Hata mtafiti anayetaka kuhesabu mbu huanzia kwa mkurugenzi, akaenda kwa mtendaji wa kata, ndipo akafika kijijini. Kitufe hiki nani alikipokea? Unasema kimeshafika, kana kwamba kufika ni ruhusa.

Afisa TEHAMA: WhatsApp nayo haikuja na barua, mama. Leo maji yakipanda Mto Kilombero, taarifa inapita huko kwanza, jalada linafuata siku ya tatu. Chombo hupokelewa kwa manufaa yake. Mtazame mtendaji wa kata: asubuhi anasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, mchana anafuatilia michango ya darasa, jioni anadaiwa taarifa ya robo mwaka. Akimpata msaidizi wa kumpangia taarifa hiyo kwa dakika kumi, ni dhambi gani?

Na kuna jambo kubwa zaidi. Tangu Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Uswisi, afike Ifakara mwaka 1949, bonde hili la Kilombero limekuwa likiandikwa kwa Kiingereza. Utafiti wa malaria ni Kiingereza. Maandiko ya Mkataba wa Ramsar, uliolitambua bonde kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, ni Kiingereza. Maandiko ya miradi ya miwa, mpunga na umeme, Kiingereza kitupu. Wenye bonde wamekuwa wakijadiliwa katika kurasa wasizoweza kuzisoma. Leo diwani anaweza kuichukua taarifa ya kurasa mia mbili akaiambia mashine: nieleze kwa Kiswahili, sehemu inayohusu kata yangu inasemaje? Anayetaka kukizima kitufe hicho amwambie diwani huyo arudi kusubiri mfasiri.

Katibu Mahsusi: Hoja hiyo ina uzito. Ila diwani atajuaje kama alichoelezwa ndicho kilichoandikwa?

Mtafiti: Swali hilo, ukiliuliza Ifakara, lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Mkolombia Manuel Patarroyo, ilijaribiwa Idete, humuhumu bondeni, kwa watoto 586. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Wapo waliofurahi. Kisha majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ikaachwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa imeshafika Idete, basi tufundishane kuitumia. Bonde hili limezoea mpangilio mmoja: kwanza fomu ya ridhaa, kisha jaribio, kisha hesabu, ndipo matumizi. Hata mama asiyejua kusoma huelezwa mbele ya shahidi, akaweka dole gumba, kabla mwanawe hajatolewa tone la damu. Programu za ofisi zimeugeuza mpangilio huo chini juu.

Afisa TEHAMA: Dada, ninyi watafiti ndio mnaoitumia akili mnemba kuliko wote. Mwaka 2019 Taasisi ya Afya Ifakara ilichapisha kazi ya kutambua vimelea vya malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi: mwanga wa infraredi unapita, kompyuta iliyofundishwa inasoma, usahihi asilimia 92. Mwaka huohuo mkachapisha namna ya kumjua mbu amenyonya damu ya mtu, ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku kwa njia hiyohiyo. Kumbe mashine ikipima damu ni sayansi, ikiandika barua ni hatari?

Mtafiti: Tofauti iko kwenye hiyo 92, kaka. Ilipatikana kwa kulinganisha jibu la mashine na kipimo cha vinasaba, sampuli kwa sampuli, na kosa likaandikwa wazi ili msomaji alione. Sasa niambie: Copilot ikifupisha kikao cha baraza la madiwani, usahihi wake ni asilimia ngapi? Umelinganishwa na nini?

Afisa TEHAMA: Vipimo vipo. Serikali ya Uingereza iliwapa watumishi wake 20,000 Copilot kwa miezi mitatu mwishoni mwa 2024. Matokeo yaliyotoka Juni 2025 yalisema kila mtumishi aliokoa wastani wa dakika 26 kwa siku. Zizidishe kwa mwaka mzima.

Mtafiti: Dakika hizo walizitaja watumishi wenyewe walipoulizwa, hakuna aliyeshika saa. Wizara ya Biashara ya nchi hiyohiyo ilifanya tathmini yake, ikatolewa mwaka 2025: watumishi waliipenda, ila ushahidi kwamba tija imeongezeka haukupatikana. Kupenda kitu na kufaidika nacho ni mambo mawili.

Katibu Mahsusi: Tuache Uingereza, turudi vijijini, kwa sababu huko ndiko roho yangu iliko. Kuna karatasi moja katika bonde hili inayoweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, haikumpa mwenyekiti mamlaka ya kugawa ardhi peke yake. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaridhia, na ushahidi kwamba uliridhia ni ule muhtasari.

Sasa kumbuka bonde hili ni lipi. Mwaka 2012 ilipita operesheni ya kuondoa mifugo. Kuanzia 2016 mradi wa ardhi wa LTSP ulipima mashamba Kilombero, Ulanga na Malinyi, watu wakapewa hati za hakimiliki za kimila. Mwaka 2023 eneo lililokuwa pori tengefu likapandishwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Kila mara kati ya hizo, mkulima, mfugaji na askari wa wanyamapori waliulizana jambo moja: mkutano ulisema nini? Atakayejibu ni nani, mashine?

Mkutano wa kijiji unavyokwenda, watu arobaini wanasema ndiyo, na mzee mmoja anasimama nyuma anasema: lile eneo la chini ni njia ya ng'ombe tangu wazazi wetu, msiliandike shamba. Wanamzomea, anakaa. Katibu anayejua kazi yake anaandika jina lake na neno lake. Mashine inafundishwa kufupisha, na kufupisha maana yake ni kuchukua kilichosemwa na wengi. Itaandika: wajumbe waliridhia. Baada ya miaka sita mzee yule akifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hana pa kushika.

Mwandishi: Kwa msomaji aliye mbali na kazi hizi, ili kuajiriwa serikalini, katibu mahsusi alitakiwa afaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika moja. Hatimkato hailengi kufupisha maana. Inafupisha alama ili maneno yote yabaki, na aliyesema aweze kusomewa alichokisema. Ndiyo maana neno "muhtasari", kwa aliyepita Chuo cha Utumishi wa Umma Tabora, lina deni ndani yake ambalo kitufe chenye jina hilohilo hakilijui.

Afisa TEHAMA: Mama, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli wote. Mangapi yameondolewa kwenye mihtasari kwa kalamu ya binadamu? Mwenyekiti anamwambia katibu: hilo usiliandike. Katibu anaogopa, haandiki. Muhuri unagongwa. Kuna vijiji ambavyo mkutano haukufanyika kabisa na muhtasari upo, una sahihi za kutosha. Mashine iliyorekodi mkutano mzima haimwogopi mwenyekiti. Yule mzee wa nyuma, kama sauti yake imo kwenye kinasa, imo. Kwa mfugaji aliyekosa ndugu kwenye halmashauri ya kijiji, mimi naona kinasa ni rafiki kuliko kalamu.

Katibu Mahsusi: Umenigusa, na sikatai kwamba hayo yapo. Lakini kinasa sicho ninachokipinga. Rekodi sauti, ihifadhi, kesho isikilizwe. Ninachopinga ni ile hatua ya pili, mashine inapoichukua sauti na kuamua kipi kiingie kwenye karatasi. Katibu aliyeficha neno anaitwa barazani, anaapishwa, anaulizwa: kwa nini hukuandika? Anatetemeka, anasema. Mashine utaiapisha kwa kitabu kipi?

Na hiyo sauti yenyewe itasikika kwa lugha gani? Mkutano wa huku unaanza kwa Kiswahili, hasira zikipanda mtu anarudi kwenye Kindamba, mwingine Kipogoro, mwingine Kisukuma. Aliyezaliwa hapa anamwelewa kila mmoja. Neno la hasira ndilo mara nyingi lenye hoja.

Afisa TEHAMA: Kwa lugha, tutafika. Mahakama ya Tanzania ilichukua mfumo wa kampuni ya Almawave ya Italia wa kunukuu na kutafsiri mashauri, Kiswahili kikiwemo. Kama hakimu anaweza kunukuliwa na mashine, mwenyekiti wa kijiji ni nani?

Mtafiti: Mahakama ilikaa, ikajua inataka kazi gani, ikachukua chombo cha kazi hiyo. Kuna taasisi inayoweza kuulizwa. Chombo kilichopenyezwa kwenye programu ya kuandikia barua hakikuchukuliwa na yeyote. Wale wanaodhani hilo ni jambo la nchi maskini watazame Australia. Oktoba 2025 tume ya ushindani ya huko iliishtaki Microsoft, ikidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 waliambiwa wakubali Copilot na bei mpya au waache huduma, wakati kulikuwa na kifurushi cha zamani, kwa bei ya zamani, ambacho mteja hakionyeshwi mpaka aanze kujiondoa. Microsoft iliomba radhi na kutoa nafasi ya kurudishiwa fedha. Sasa niambie, mwenye duka la dawa hapa Ifakara angeijua njia hiyo ya kujiondoa?

Mwenye Steshenari: Samahani, mnaongea kama vile barua zote za Ifakara zinaandikwa maofisini. Zinaandikwa kwangu. Mtu anakuja na karatasi ya daftari, au hana hata hiyo, anasema niandikie barua ya kuomba kazi kiwanda cha sukari, niandikie barua ya kuomba ruhusa, niandikie andiko la kikundi chetu tukaombe mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi. Zamani barua moja ya Kiingereza ilinichukua nusu saa na kamusi. Sasa kitufe kinaniandikia nikiwa natoa kopi ya mteja mwingine. Sijaona aliyelalamika.

Ila kuna mawili. La kwanza, saa. Mteja anasema kikao ni saa tatu asubuhi. Ukiiambia mashine igeuze barua kwa Kiingereza, inaweza kukuandikia saa tatu ya Wazungu, usiku wa manane kwa saa zetu. Usipoisoma tena, mtu kakosa kikao. La pili, neno mbuga. Kwetu mbuga ni lile tambarare la udongo mweusi linalojaa maji masika, tunapolima mpunga. Huko kwingine mbuga ni ya wanyama. Nimeshakaa na kujiuliza: kikundi kikisema "tunalima mbugani", na mfadhili akasoma kwa Kiingereza kwamba wanalima ndani ya hifadhi, si ndio wamejipeleka polisi wenyewe?

Mtafiti: Na taarifa za hao wateja zinakwenda wapi, kaka? Namba ya NIDA, ugonjwa wa mtoto, deni la SACCOS. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa za afya sheria inazihesabu kuwa nyeti. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Serikali imejenga mfumo wa e-Ofisi ili majalada yapite humo. Mtumishi akinakili aya moja na kuibandika kwenye akaunti yake binafsi ili "irekebishwe lugha", aya hiyo imeshavuka bahari.

Mwenye Steshenari: Mteja wangu akiambiwa aandike fomu ya ridhaa kabla ya barua ya shilingi elfu moja, ataenda steshenari ya jirani.

Afisa TEHAMA: Umesikia hapo, dada? Hiyo ndiyo Ifakara halisi. Ukiizima ofisini, inawaka mtaani. Mimi nataka iwake ofisini, kwa leseni ya ofisi, chini ya macho ya mtu anayejua mipangilio, kuliko kila mtumishi kuwa na akaunti yake ya bure mfukoni.

Katibu Mahsusi: Leseni ya dola 30 ni zaidi ya shilingi 70,000 kwa mwezi, kwa mtu mmoja. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kufika 500,000 Julai 2025. Utaichukua fungu gani, mwanangu, la karatasi au la mafuta ya pikipiki za watendaji? Na siku mkongo ukikatika? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi ikakaa siku kadhaa intaneti ikisuasua. Kitufe kilichozoesha watu kutofikiri sentensi yao kikizimika siku hiyo, kikao hakisubiri.

Mwandishi: Mara hii hoja ya gharama inapita haraka, maana pande zote zinajua bei hushuka na mikongo hutengenezwa. Kinachobaki ni swali la nani anawajibika. Pengine inafaa kukumbuka kwamba lugha hii imewahi kuingia kwenye programu za ofisi kwa njia nyingine. Mwaka 2004 mradi uliohusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno juu ya kila kitufe kiitweje. Kilichoingia 2025 kinaandika Kiswahili chenyewe, aya nzima nzima, na hata jina lake hatujakubaliana: wengine akili mnemba, wengine akili unde.

Afisa TEHAMA: Uwajibikaji uko palepale. Anayesaini ndiye mwenye barua. Sheria haijabadilika.

Katibu Mahsusi: Anayesaini asichokisikia? Wewe ulitaja kasi, mimi nataja Deloitte. Kampuni yenye wasomi kila ghorofa iliiandikia serikali ya Australia taarifa ya dola za huko 440,000. Mwaka 2025 ikagundulika ndani yake mna rejea za maandiko yasiyokuwepo na nukuu ya hukumu ambayo haikusemwa. Walikiri akili mnemba ilitumika, wakarudisha sehemu ya fedha. Kama hao hawakusoma walichokisaini, mtendaji wangu mwenye vijiji vitatu na pikipiki moja atasoma saa ngapi?

Afisa TEHAMA: Waligunduliwa na msomaji, mama, na wakalipa. Ndivyo kosa linavyotibiwa. Haya, nikubali njia ya dada hapa, ya kujaribu kwanza. Tuchukue kata mbili. Moja kitufe kiwashwe, nyingine kizimwe, miezi mitatu. Tuhesabu makosa, tuhesabu muda kwa saa ya ukutani, tusiwaulize watu wanaonaje.

Mtafiti: Na wanaotajwa ndani ya barua hizo waelezwe, kwa ubao wa matangazo wa kijiji na kwa mdomo mkutanoni. Atakayesema barua yake isiguswe, isiguswe. Bila hilo, mimi sitaweka jina langu kwenye jaribio.

Afisa TEHAMA: Sawa. Itachelewesha, lakini sawa.

Katibu Mahsusi: Na mihtasari ya mikutano mikuu ibaki nje.

Afisa TEHAMA: Hapana. Mihtasari ndiyo inayomlaza mtendaji ofisini hadi usiku. Ukiitoa hiyo umebaki unajaribu barua za mwaliko.

Katibu Mahsusi: Tuanze na barua za mwaliko, basi. Tuone itaandika saa ngapi.